Breki Hazikukatika, Zilishika

Naona video imeshafika mpaka kwa shangazi Mtwara, kwa hiyo acha niseme mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi zaidi. Yule rafiki yangu aliyeisambaza (unajijua) ameandika "gari la mzee lakata breki, bi harusi ndani". Uongo mtupu. Breki hazikukatika. Zilishika. Zilishika kuliko breki yoyote iliyowahi kufungwa mkoa huu wa Dar es Salaam, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mnaijua Peugeot 404 ya marehemu mzee, ya 1964, ile ninayowachosha nayo humu kila wiki. Mnajua na ninavyoringa nayo: gari lililoshinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza mashindano, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404. La kwangu Jumamosi lilitoka kanisani Magomeni kwenda ukumbini Kinondoni. Halikumaliza.

Gari lilikuja na breki za dramu pande zote, bila busta. Kulisimamisha ulikanyaga kwa mguu wa kulia na dua. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alipoomba limbebe siku ya harusi yake, nikasema huyu simbebi kwa dua. Nikaenda Ilala kwenye spea, nikarudi na busta na masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni) za Toyota Mark II. Busta ni lile bakuli jeusi nyuma ya masta silinda: injini inavuta hewa kupitia mrija, mpira uliomo ndani unavutika, mguu wako mmoja unakuwa kama mitatu. Katikati kuna kijiti cha chuma kinachosukuma pistoni ya masta silinda. Kikumbukeni hicho kijiti.

Fundi wangu, mzee wa watu, aliniambia: "Mwanangu, bandika bigijii kwenye ncha ya kijiti, funga, fungua, utazame imebanwa kiasi gani. Ibaki nafasi kidogo, unene wa ukucha tu." Nikamwitikia ndiyo mzee. Kisha saa 5 usiku, mwenyewe gereji, nikaona pedali inacheza kidogo kabla ya kushika. Mimi napenda pedali ikae juu. Nikakiongeza kijiti mzunguko mmoja na nusu. Bigijii nikaitafuna.

Nikazunguka mtaa mara moja. Breki tamu! Nikalala usingizi wa fundi mkuu.

Jumamosi tunatoka kanisani, pikapu ya matarumbeta mbele, mimi na maharusi nyuma yake, suti nimeazima, tai ya shemeji. Foleni ya Jumamosi: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Nikaanza kuhisi gari zito. Naongeza mafuta, linaguna. Nikajiambia ni uzito wa shela. Mpambe akauliza, "Kaka, nani anaunguza plastiki?" Nikamjibu ni jirani.

Wale wa gereji mmeshajua. Kijiti kirefu kinaizuia pistoni isirudi mpaka mwisho, kwa hiyo kile kitundu cha kurudishia mafuta ya breki kwenye kopo lake kinabaki kimezibwa. Breki zinapata moto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanazidi kubana breki, zinazidi kupata moto. Gari linajifunga breki lenyewe, taratibu, kwa heshima.

Likajifunga moja kwa moja barabara ya Kawawa, katikati ya kuvuka njia ya mwendokasi.

Nirudie: njia ya mwendokasi. Basi likaja likasimama mlangoni kwa bi harusi, limejaa, simu zote madirishani. Honi. Matarumbeta walipoona hatupo wakarudi kinyumenyume, na hawakukatisha wimbo. Konda wa daladala akatoa kichwa: "Bi harusi shuka, bwana ameghairi!" Bwana mwenyewe akashuka na suti yake nyeupe kuja kusukuma. Wakajitokeza wanaume kama 8, akiwemo mpiga ngoma, ambaye aliishusha ngoma yake kubwa akaiweka mbele ya gari, "isije ikaumia". Wakasukuma. Gari likatikisika kama mbuzi aliyegoma mnadani, lisitoke hata inchi.

Hapo akili ikanijia. Nimeshazima injini, nimefungua boneti, nimeinama juu ya madigadi na spana ya ringi. Ukilegeza nati mbili za masta silinda, inasogea mbele kidogo, kijiti kinaacha kuikandamiza. Nati ya kwanza, sawa. Ya pili ngumu. Tai ya shemeji inaning'inia, nikaisukuma pembeni kwa kiwiko. Nikavuta spana kwa nguvu zote. Nikasikia mafuta yanarudi kwenye kopo: fyuuu. Kasauti kazuri hako. Nikatabasamu. Kwenye video mnaliona lile tabasamu.

Sikuwa nimewaambia waache kusukuma.

Magurudumu manne yakaachia kwa mpigo. Gari likaondoka. Kwenye usukani hakuna mtu. Mimi nataka kuinuka, siinuki: tai imepita kwenye spana, spana imebanwa kati ya nati na busta. Kwa hiyo nakimbia upande upande, kichwa ndani ya injini, makalio barabarani, napiga kelele "acheni! acheni!" na wao wanasikia "kazeni". Wakakaza. Suruali ikapasuka mshono wa nyuma, kuanzia mkanda mpaka panapoitwa basi. Matarumbeta wakapandisha mdundo. Na kule mbele, polepole kabisa, bampa la Kifaransa likaifikia ngoma. Paa!

Aliyelisimamisha gari ni bi harusi. Alijipinda na shela lake lote juu ya kiti cha mbele akavuta breki ya mkono. Nani alimfundisha? Mimi, uwanja wa shule, 2011. Hilo rafiki yangu hakuliandika.

Mengine ni mafupi. Maharusi walienda na bajaji, tai ilikatwa kwa kisu cha muuza miwa, niliweka washa mbili (vile vipete vya chuma) nyuma ya masta silinda ili kijiti kisiikandamize tena, nikarudi nalo nyumbani likiwa zima. Bampa halina mkwaruzo. Ngoma nimelipa, tai bado. Mdogo mtu anaolewa Desemba na kamati imeshanipa kazi: kubeba kreti za soda, kwa miguu.

Na wewe mwenye video, ishushe. Au basi ikate pale kwenye tabasamu.