Jumla ya mwezi haitoshi kwenye ripoti ya samaki

Ripoti ya samaki yenye jumla ya mwezi peke yake huzua ubishi wa bure kwenye vikao vya BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), Malindi hata Lamu. Juni upepo wa kusi umekaza, ngalawa na madau madogo yamepandishwa ufuoni. Januari ni kaskazi, bahari shwari, kila mwenye chombo yuko majini. Ukilinganisha miezi hiyo miwili, umepima upepo tu.

Kinachofaa ni jumla limbikizi: kilo zote tangu mwaka uanze hadi siku hiyo, na pembeni yake kilo za mwaka jana hadi tarehe iyo hiyo. Hapo kila mwanachama anaona kama tumetangulia au tumebaki nyuma, na kwa kilo ngapi.

Kwenye Excel, weka tarehe safu ya A, chombo B, kilo C. Kwenye D2 andika =SUM(C$2:C2), kisha ivute chini. Ile alama ya dola ndiyo inayoshikilia mwanzo. Ukiisahau, kila mstari utajijumlisha wenyewe na D itakuwa nakala ya C. Wako wanaopenda kuandika =D2+C3 kwenye D3. Mimi siipendi hata kidogo, kwa sababu ukifuta mstari mmoja katikati, yote ya chini yake hugeuka kosa la #REF!.

Lakini SUM nayo ina hatari yake, tena mbaya zaidi kwa kuwa haipigi kelele. Karani akiandika 45kg badala ya 45, Excel huyahesabu kama maneno na SUM huyaruka. Kilo 45 za mvuvi zimepotea na hakuna aliyeonywa. Namba halali huegemea kulia mwa kisanduku. Ukiona iliyoegemea kushoto, ichunguze. Neno "kilo" liandikwe juu ya safu, basi.

Siku vyombo havikutoka, andika 0. Siku karani hakuwepo, acha wazi na utaje sababu. Samaki wakiandikwa mara mbili, tuseme kilo 30, ongeza mstari wa -30 wenye maelezo. Usifute ya nyuma, la sivyo ripoti iliyokwisha kupelekwa haitalingana na daftari.

Na Ramadhani tuikumbuke. Kila mwaka huja mapema zaidi kwa siku 10 hadi 12 kwenye kalenda ya miladi, kwa hiyo kuna siku ambazo mwaka huu ni mfungo na mwaka jana haukuwa. Pengo la wakati huo lisiitwe hasara mpaka Idi ipite kwenye safu zote mbili, ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Safu ya C isifichwe kamwe. Jumla limbikizi haishuki ila kwa mstari wa masahihisho: ikishafika kilo 20,000, wiki iliyokosa kilo 300 haionekani kabisa, na huenda ndiyo wiki mashine ya barafu iliharibika.