Bani la tumbaku: kabla ya kubomoa, tuuangalie moto

Msimu wa kukausha tumbaku, Urambo na Kaliua watu hulala nje. Mtu anatandika mkeka karibu na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, anaamka kila baada ya saa moja au mbili, anasukuma gogo ndani ya tanuru, anaweka kiganja ukutani na kuamua kama moto unatosha. Baba yangu mdogo amekausha kwa kiganja kwa zaidi ya miaka ishirini, na tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la mabomba bila moshi kuigusa, anaijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Msimu uliopita nilikaa naye siku sita mfululizo tukihesabu kila gogo lililoingia tanuruni. Hesabu ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kwenye vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima wa Tabora mjadala wa mabani umegawanyika. Kuna wanaotaka mabani ya kienyeji yabomolewe na kujengwa ya kisasa: matofali, tanuru lenye mlango, mabomba ya joto yaliyopangwa vizuri, dohani ndefu, madirisha ya hewa yanayofungika. Kuna wanaojibu kwamba hilo ni deni jipya juu ya deni la mbolea. Nimewasikiliza wote kwa makini, na naona wanabishania jengo wakati sehemu kubwa ya hasara iko kwenye uendeshaji wa moto.

Tuanze na hesabu. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Ili upate kilo 1 ya tumbaku kavu, inabidi uondoe maji kilo 5 au 6. Kila kilo ya maji huhitaji megajuli (kipimo cha nishati ya joto) 2.4 hivi ili igeuke mvuke, kwa hiyo jumla ni kama megajuli 13. Kilo 1 ya kuni zilizokauka ina megajuli 15 au zaidi. Kwa karatasi, basi, kilo moja ya kuni ingetosha kukausha kilo moja ya tumbaku. Hakuna bani linalofika hapo, kwa sababu kuta nazo hunyonya joto, moshi hutoka ukiwa moto, na hewa yenye unyevu lazima iachiwe. Lakini bani la kienyeji hula mara kadhaa ya kiasi hicho, na tofauti hiyo yote hukatwa porini.

Joto linapotea wapi? Nyufa za ukuta na paa lisilozibwa kila mtu anaziona. Kuni zenyewe hazizungumzwi sana. Tunakausha katikati ya mvua, kuanzia Januari hadi Aprili hivi, na gogo lililolowa hutumia joto lake kukausha maji yake kwanza kabla ya kulisaidia jani.

Kubwa zaidi ni hatua za ukaushaji. Siku mbili za mwanzo jani linageuka njano. Joto linatakiwa kuwa nyuzi 35 hadi 40 na madirisha yafungwe ili unyevu ubaki, kwa kuwa jani bado ni hai. Ukilikimbiza hapa, linakufa na ukijani wake, na mteuzi sokoni atalishusha daraja. Baada ya hapo joto hupandishwa taratibu hadi 55 hivi huku hewa ikifunguliwa. Ukichelewa kufungua, jani linakuwa kahawia. Mwisho ni kukausha uti wa jani, nyuzi 70 hadi 75. Maji yaliyobaki wakati huo ni machache, kwa hiyo madirisha yalipaswa kuwa yamefungwa karibu kabisa. Wengi wetu tunayaacha wazi kama tulivyoyafungua juzi, tunatupa nje joto la bei kali kuliko lote, kisha tunaongeza magogo kufidia. Na usingizi ukikupitia usiku huo moto ukalala, unyevu wa uti unarudi kwenye jani na kulitia weusi.

Kiganja hakiwezi kutofautisha nyuzi 38 na 43, na unyevu hakiusomi kabisa. Vipimajoto viwili vinaweza: kimoja kinabaki kikavu, kingine kinavikwa kitambaa kilicholoweshwa maji, na tofauti ya namba zake inakuonyesha hewa ya ndani ina unyevu kiasi gani.

Somo hilihili wanalijua watu wa mbali wasiowahi kuona tumbaku shambani. Vijijini Ayalandi na Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa boila la mafuta, mtambo unaochemsha maji yanayozungushwa vyumbani, na mtu akiona bili imepanda, jambo la kwanza analofikiria ni kununua boila jipya. Lakini boila likikosa saa ya kuliwasha na kulizima, likikosa themostati, kifaa kinachokata moto joto likitosha, hubaki linawaka hata kama hakuna chumba kinachohitaji joto. Hata boila la kisasa, linalovuna joto la mvuke uliomo kwenye moshi, hulivuna vizuri pale tu maji yanayolirudia yamepoa vya kutosha. Ukiliendesha kwa moto mkali muda wote, umelipia mtambo mpya na mvuke ule unaondoka na joto lake kupitia dohani.

Hapo wanaotetea bani la kisasa wana jibu zito, nami nalikubali. Kipimajoto kinakuambia punguza moto, utaupunguzaje kwenye tanuru lisilo na mlango? Kusoma namba usiyoweza kuitii ni mateso tu. Isitoshe, kwenye bani bovu jani likidondokea bomba lenye joto kali, au ufa ukipitisha cheche, mavuno yote yaliyoning'inia huteketea pamoja na paa. Na kuni zikipungua, safari za kina mama na vijana kwenda porini zinapungua pia.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Matofali ya kuchoma huchomwa kwa kuni hizohizo. Mkopo hukatwa kwenye malipo ya tumbaku kabla mkulima hajashika shilingi, iwe msimu ulikuwa mzuri au mvua iliharibu. Aliyekodi shamba atajengaje bani la matofali kwenye ardhi ya mwingine?

Hoja inayoninyima raha ni nyingine, nayo haisemwi sana vikaoni. Kupunguza kuni kwa kila kilo hakumaanishi msitu umepona. Mkulima aliyekuwa anakwamishwa na kuni, akipata bani linalokula kidogo, huongeza ekari. Urambo ilishafyekwa mara moja kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufa 1951, na tumbaku ikashika nafasi yake. Miti ya kupandwa huchukua miaka mitano au zaidi kufaa kwa kuni, na bani linataka kuni mwaka huu. Wakati tunaisubiri, inakatwa mitundu, miti ya asili ya miombo, ambayo maua yake ndiyo yanayotupa asali ya Tabora. Mrina asali hana kiti kwenye mkutano wa tumbaku, na nadhani anastahili kuwa nacho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Tuanze na vipimajoto, vifuniko vya madirisha, udongo wa kuziba nyufa, na kuni zilizokatwa kiangazi, zikapasuliwa na kufunikwa. Kisha mlango wa tanuru na dohani kwenye bani lilelile, kama kuta zake ni nzima. Kubomoa kuwe kwa mabani yaliyokwisha, na mnunuzi abebe sehemu ya gharama, maana jani lililokauka vizuri humfaidisha na yeye. Na makisio ya msimu, yale ya kilo anazoruhusiwa mkulima, yaende sambamba na miti aliyoipanda mwenyewe ikasimama.

Bani la mwisho tulilikausha na vipimajoto viwili nilivyovining'iniza nyuma ya kioo kidogo ukutani. Siku za njano kiganja cha baba mdogo kilikubaliana navyo karibu kila saa. Usiku wa tano aliugusa ukuta, akainama kuchukua gogo. Nikamwomba kwanza achungulie kiooni. Namba ilikuwa 78.

"Ukuta wa udongo huchelewa kupata habari za ndani, mwanangu," alisema, akalirudisha gogo kwenye rundo, akachutama na kuvuta mengine mawili yaliyokuwa yanawaka.