Kunukuliwa Sana Si Kufanya Kazi Nzuri

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kiitwacho h-index, ambacho leo vyuo vingi hukitazama kabla ya kumpandisha mtu cheo. Hesabu yake ni nyepesi: mwenye makala 5 ambazo kila moja imenukuliwa (yaani imetajwa katika kazi za watafiti wengine) angalau mara 5 anapata 5. Sasa mchukue mwenzake mwenye makala 3 tu. Moja imenukuliwa mara 900, ya pili mara 3, ya tatu mara 2. Huyu anapata 2, maana si makala zake zote 3 zilizofikisha nukuu 3.

Wanaotetea takwimu wana hoja nzito. Pasipo namba, uprofesa huamuliwa na wakubwa wachache, na kujuana kukaishinda kazi. Mhadhiri kijana asiye na wa kumshika mkono akiweka mezani machapisho yake na nukuu zake, kamati hulazimika kumtazama. Chuo nacho kikila fedha za umma, umma una haki ya kuuliza zimezaa nini.

Shida ni pale nukuu inapogeuzwa kuwa sifa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Hata hivyo imenukuliwa mno, na wengi waliitaja ili kuipinga. Anayehesabu tu hasomi sentensi: kwake aliyepingwa na aliyesifiwa wote wamepata moja.

Wastani wa nukuu wa chuo au idara nao unapotosha. Idara ina makala 10; moja imenukuliwa mara 500, tisa zilizobaki mara 5 kila moja. Wastani ni 54.5, na hakuna makala hata moja iliyo karibu na namba hiyo. Ukilinganisha tabibu na mwanahistoria ndiyo unaharibu kabisa, maana kanzidata kama Scopus zimeegemea majarida ya Kiingereza, na vitabu, ambavyo ndivyo kazi kubwa ya mwanahistoria, havijaingizwa vya kutosha.

Azimio la Leiden la 2015, tamko la wataalamu kuhusu namna ya kupima utafiti, lilitaka takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu, zisichukue nafasi yake. Nakubaliana nalo, ila bila utaratibu tutarudi kwenye kujuana. Mwombaji achague kazi zake 3, wasomaji wawili wa nje ya chuo wazisome na kuandika walichokiona, wasaini. Namba zifunguliwe baada ya hapo.