Karafuu Tunazo, Tunachokosa ni Muuza Kahawa

Ndugu zangu wa Dar, naomba tusikilizane. Kila anayepata safari ya kuja Glasgow, huku Scotland, anabebeshwa viungo vya chai ampelekee mtoto wa watu anayepigwa na baridi, na mtoto wa watu mwenyewe ni mimi. Karafuu zilizoko kwenye kabati langu zinatosha pilau ya harusi. Iliki nimegawa mpaka kwa majirani. Nashukuru, ila niseme kweli: viungo huku vipo. Ingia duka lolote la Wapakistani mitaa ya Pollokshields au Govanhill, utakuta mdalasini, iliki, pilipili manga, kungumanga, na tangawizi mbichi za kujichagulia mwenyewe. Ndimu na malimau yapo mwaka mzima. Kisichopatikana ni mtu wa kukuuzia kikombe kilichokwisha kuiva.

Hapo ndipo maisha ya huku na ya nyumbani yanapopishana. Dar kinywaji cha moto kinakufuata ulipo. Muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake, dele mkononi, mkaa unawaka kwa chini. Unatoa sarafu, unakunywa hapo hapo, unasindikizia na kashata. Wengine wanatembeza na tangawizi, ile inayowasha koo mpaka macho yanalenga machozi. Kijiweni wanabishana Simba na Yanga, na kikombe cha pili huenda akakulipia mtu usiyemjua jina. Nani apange habari ya kikombe cha kesho wakati kesho jamaa atapita tena?

Sasa njoo Glasgow mwezi wa kumi na mbili. Jua linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa kumi kasoro robo limeshazama. Wengi wetu tunafanya kazi za zamu, kutunza wazee, maghala, usafi, kwa hiyo unatoka na giza na kurudi na giza. Pesa ya kikombe kimoja mgahawani inanunua tangawizi ya wiki kadhaa, na mara nyingi wanachokupa ni unga wa pakiti uliokorogwa. Ukifika nyumbani vidole vimekufa ganzi, huna hamu ya kutwanga kitu. Ama uwe umeandaa kinywaji chako cha tangawizi na viungo Jumapili, ama unywe maji ya moto na majani ya chai, ulale. Wenyeji wana wiski yao ya moto yenye asali, limau na karafuu. Sisi tusiokunywa pombe tunabaki na sufuria.

Nilipomweleza mama mdogo kwa simu kwamba nachemsha leo kwa ajili ya wiki nzima, alinyamaza kidogo.

"Yaani ya Alhamisi unapika Jumapili?"

"Ndiyo, mama mdogo. Naweka kwenye chupa, inakaa friji."

"Mwanangu, kiporo cha chai? Huko mmefikia hapo?"

Nilicheka, lakini swali lake lina akili kuliko hotuba tunazotoa sisi wa ughaibuni tukirudi likizo. Mnatujua. Tunatua Julius Nyerere tukiwa tumeshaanza: "Wenzetu wanapanga, wenzetu wanaweka akiba, sisi tunaishi kwa kupima." Mimi siiamini hotuba hiyo. Wenzetu wanapanga kwa sababu majira ya baridi yakikukuta hujajiandaa yanakutesa, na kwa sababu barabarani hakuna mtu wa kukuokoa. Hapa Scotland sheria ya 1982 inamtaka muuzaji wa mtaani awe na leseni ya halmashauri. Mzee mwenye dele na mkaa akatize katikati ya jiji bila karatasi? Hafiki mbali. Dar nako, mnakumbuka: mwaka 2018 wamachinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, halafu mwisho wa 2021 wakaondolewa pembezoni mwa barabara nyingi wapelekwe maeneo waliyotengewa. Nawaelewa wanaotaka njia za waenda kwa miguu zipitike. Ila mjue mnachokipunguza. Jiji likishakuwa safi la kutosha kwamba hakuna wa kukumiminia kikombe saa moja jioni, kila mtu atajifungia kwake na sufuria ya Jumapili, na mtaiita maendeleo.

Wala si kwamba Dar haijui kuandaa. Wakati wa korona nyumba nyingi zilikuwa na sufuria ya tangawizi na ndimu jikoni, nyungu zinafukizwa, na bei ya ndimu sokoni ikapaa. Kinywaji kile kinalainisha koo na kumchangamsha mtu, kutibu ni habari nyingine. Hofu ilipopungua, watu wakarudi kijiweni. Sioni ubaya wowote.

Haya, kwa mlioko kwenye baridi kama mimi, ninavyofanya ni hivi. Tangawizi mbichi naisugua vizuri na maganda yake, naiponda, naiweka kwenye maji pamoja na vijiti vya mdalasini, iliki zilizopasuliwa na punje chache za pilipili manga. Karafuu tatu au nne, basi. Karafuu haina adabu, ukiizidisha hutasikia kingine chochote. Viungo viwe vizima, maana vya unga havichujiki, vinatuama chini ya chupa na kinywaji kinazidi kuwa kichungu kila siku. Moto mdogo, dakika 20, nachuja. Naupima ule mchuzi, natia sukari kiasi kile kile, kikombe kwa kikombe, narudisha jikoni mpaka iyeyuke, naepua.

Limau linasubiri. Sufuria ikishapoa ndipo namimina maji ya limau na ndimu. Wapo wanaochemsha kila kitu pamoja halafu wanashangaa kwa nini ladha imelala. Moto unafukuza ile harufu mbichi ya limau, na vitamini C nayo inapungua. Chupa ziwe za kioo, nazo zichemshwe kwanza. Friji inaitunza kama wiki mbili. Inayobaki naigandisha kwenye vitreya vya barafu, kisha kila nikitoka zamu natupia vipande viwili kwenye kikombe, namwagia maji ya moto. Nikipika mara moja kwa wiki hata gesi inapona, na tangu bei za nishati zipande Uingereza mwaka 2022, wanaotumia mita ya kulipia kabla wanaiangalia kama mnavyoiangalia LUKU. Apendaye asali aitie kikombeni, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa.

Maziwa msiyaweke humo, limau litayakata. Mpenzi wa chai ya maziwa aandae chupa yake isiyo na limau wala ndimu, na tangawizi iwe imechemka sawasawa kwenye maji, maana ikiwa mbichi nayo hukata maziwa.

Lakini kitu ambacho Dar mmekikalia na hamkioni ni maganda ya machungwa. Mtazameni muuza machungwa: kisu chembamba, chungwa linazunguka mkononi, ganda linashuka utepe mmoja wa kijani bila kukatika, linabaki lile koti jeupe. Anakata kofia kwa juu, unafyonza, unaondoka. Chini ya toroli limebaki rundo, na jioni linakwenda jalalani. Harufu ya chungwa iko kwenye rundo hilo! Mafuta yake yamejificha kwenye vile vidoti vya ganda la nje. Likunje ganda bichi karibu na mwali wa kiberiti uone linavyorusha cheche. Na msidanganyike na rangi. Chungwa la Muheza linabaki kijani hata likiiva kwa kuwa usiku wa pwani haupati baridi ya kuligeuza rangi. Yale ya Hispania tunayouziwa huku yanang'aa kwa sababu yamepigwa na ubaridi, si kwamba yameyashinda ya Muheza kwa utamu. Tena malimau ya huku mengi yanapakwa nta, inabidi uyasugue kwa maji ya moto, au ununue yale yasiyopakwa, ambayo nayo bei imechangamka.

Waskoti ganda hawatupi. Kampuni ya Keiller ya mji wa Dundee ilianza kuuza mamaledi, ile jamu yenye vipande vya maganda, mwaka 1797, na mpaka leo ikifika Januari machungwa machungu ya Seville yanaingia madukani, watu wanayagombania kwa ajili ya maganda hayo hayo. Nchi isiyoota mchungwa hata mmoja shambani! Sisi wenye lori zima kutoka Tanga tunafagia.

Kwa hiyo kama kuna jambo moja la huku ningependa mlijaribu, ni hili, na wakati wake ni kipupwe, machungwa yakiwa yamemwagika sokoni. Najua mtasema baridi gani. Mwezi wa saba usiku Dar unashuka mpaka nyuzi 19 hivi, na bodaboda wote wamevaa majaketi ya kupandia Kilimanjaro. Nikiwa Glasgow nawacheka, nikitua hapo baada ya siku chache nami naulizia sweta. Osheni machungwa kwanza, mmenye wenyewe au mwambieni muuzaji akumenyee moja kwa moja kwenye chombo chako, msiokote ya chini. Lichukuliwe ganda la kijani tu, jeupe lina uchungu. Tieni kwenye sufuria ya tangawizi dakika tano za mwisho kabla ya kuchuja.

Tengenezeni kidogo, chupa moja ndogo. Joto la Dar si la kuweka kitu mezani, na umeme ukikatika mchana kutwa friji inageuka kabati. Mkiona povu linapanda, au kifuniko kinatoa mlio ukikifungua, ujue imeshaanza kuchachuka. Mwaga, na usimwambie mama mdogo, atasema habari ya kiporo alishanionya.