Soma ankara kabla ya kusoma dodoso

Kila mwaka idara za sheria za kampuni kubwa hutuma dodoso kwa mawakili wa nje wanaozihudumia: mna wanawake wangapi, wangapi wanatoka jamii za wachache, wangapi wana ulemavu. Majibu yanarudi, yanawekwa kwenye faili, na mwaka ukipinduka swali ni lile lile. Kwa maoni yangu dodoso limebebeshwa kazi lisiyoiweza. Linahesabu waliomo ndani ya jengo tu, wala haligusi nani amepewa kazi ipi. Katika uwakili, kazi unayopewa ndiyo inayokukuza au kukudumaza.

Si kwamba nia ilikosekana. Mwaka 1999 Charles Morgan, mwanasheria mkuu wa kampuni ya simu ya BellSouth nchini Marekani, aliandika tamko la kuunga mkono mchanganyiko wa watu katika taaluma, na wanasheria wakuu wenzake wengi wakalitia saini. Mwaka 2004 Rick Palmore, mwanasheria mkuu wa kampuni ya vyakula ya Sara Lee, alilazimika kutoa wito mpya, mkali zaidi, kwa sababu mabadiliko yalikuwa yamekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Saini zilikuwepo. Kilichopungua ni mteja, yaani kampuni inayowalipa mawakili hao, kufuatilia kesi moja moja.

Na chombo cha kufuatilia anacho tayari, tena amekilipia: ankara. Kila mstari una jina la wakili, tarehe, kazi iliyofanyika, muda kwa sehemu za kumi za saa (dakika sita sita), na kiwango cha malipo. Kampuni inayopokea ankara kwa mfumo wa kielektroniki mara nyingi hupata pia misimbo ya kazi, yaani alama fupi zinazoonyesha aina ya kazi iliyofanyika. A103 ni kuandika na kurekebisha, A104 ni kupitia na kuchambua, A106 ni kuwasiliana na mteja. Panga jedwali: majina ya mawakili upande mmoja, misimbo juu, saa katikati.

Tuseme jedwali limeonyesha hivi. Wakili kijana wa kwanza ana saa 90 mwezi huu, na 86 kati ya hizo ni za kupitia nyaraka. Mwenzake, aliyeajiriwa mwaka huohuo, ana saa 35 tu, lakini 14 ni za kuandika hoja, 6 za kumwandaa shahidi na 3 za vikao na mteja. Kwenye dodoso hawa wawili wako sawa kabisa. Acha hali hiyo iendelee miaka mitatu: wa pili atakuwa anaweza kusimama mbele ya jaji na mteja anamwita kwa jina, na wa kwanza atakuwa hodari wa nyaraka. Siku ya kuchagua washirika wapya, yaani mawakili wanaoimiliki kampuni pamoja, wakubwa watasema "bado hajaiva", na watakuwa wanasema kweli, ila hakuna atakayeuliza nani alimnyima moto.

Kwa hiyo kazi ianze kabla jalada halijafunguliwa. Idara iombe mpango wa wafanyakazi wa kesi wa ukurasa mmoja: nani, ana miaka mingapi kazini, atafanya nini hasa, kwa makadirio ya saa ngapi. Kila miezi mitatu mpango uwekwe kando ya ankara. Pakiwa na pengo, mshirika anayesimamia kesi apigiwe simu na aulizwe moja kwa moja. Mara nyingi hakuna ubaya uliokusudiwa: tarehe ya mahakama ilikaribia, akamwita yule aliyemzoea. Lakini mazoea hayo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Kuna hila nyingine iliyozoeleka. Siku ya kuwania kazi, kampuni ya mawakili inaleta timu yenye sura za kila aina. Kazi ikishapatikana, nusu yao hawaonekani tena. Dawa yake ni kifungu katika barua ya makubaliano: kila aliyekuja siku ile, awe nani, atajwe pamoja na jukumu lake, na asibadilishwe bila idhini ya maandishi ya mteja.

Pesa kubwa zaidi imejificha mahali ambapo wateja wengi hawaangalii, kwenye hesabu ya nani "kaleta mteja". Katika kampuni nyingi za mawakili, kipato cha mshirika hutegemea sana sifa hiyo. Mwanamke anaweza kuendesha kesi zako zote kwa miaka minane huku sifa ikiandikwa kwa mzee aliyekula chakula cha mchana na mtangulizi wako. Mteja hana mamlaka ya kugawa mapato ya wenzake, lakini ana haki ya kuuliza kwa maandishi sifa ya kazi yake inakwenda kwa nani, na kumwambia mwenyekiti wa kampuni hiyo, "Wakili wetu ni huyu." Sentensi hiyo ina uzito kuliko tuzo yoyote.

Vipi kuhusu adhabu za fedha? Mwaka 2017 kampuni ya kompyuta ya HP ilitangaza kwamba ingezuia hadi asilimia 10 ya malipo kwa kampuni zisizotimiza masharti yake ya mchanganyiko. Mwaka 2021 Coca-Cola ilitangaza masharti makali zaidi, yenye viwango vya asilimia za saa kwa misingi ya jamii na rangi. Mwanasheria mkuu aliyeyatangaza aliondoka baada ya miezi michache, na mpango ukasimamishwa. Mimi sishauri njia hiyo. Marekani ina sheria ya tangu 1866 inayokataza ubaguzi wa rangi katika mikataba, na mwaka 2023 kampuni mbili kubwa za mawakili zilishtakiwa kwa sababu ya ufadhili uliolengwa kwa makundi fulani. Mteja asiseme kamwe "niwekee mtu wa rangi fulani kwenye kesi hii". Aseme: kazi igawanywe kwa utaratibu unaoeleweka, na nionyeshwe utaratibu huo. Hilo linamlinda kila wakili, na linapunguza mwanya wa kushtakiwa.

Kanuni ya Mansfield, mpango wa hiari wa kampuni za mawakili ulioanza 2017 na kupewa jina la Arabella Mansfield, mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa wakili Marekani mwaka 1869, ilijengwa juu ya kupanua orodha ya wanaofikiriwa kwa nafasi za uongozi. Kasoro ya orodha ya aina hiyo ni jina la kujazia. Usiishie kuuliza nani aliorodheshwa. Uliza nani alihojiwa, na aliyekosa aliambiwa nini.

Kampuni ndogo za mawakili nazo hufungiwa mlango na masharti ambayo hakuna aliyekaa kuyafikiria: bima ya kiwango kinachofaa kesi kubwa kuliko zote, ofisi katika miji kadhaa, malipo baada ya siku 90. Kampuni ya watu sita haiwezi kulipa mishahara ya miezi mitatu ikisubiri hundi yako. Pima bima kwa ukubwa wa kazi, lipa ndani ya siku 30, na uwape jalada dogo lakini zima, tangu mwanzo hadi hukumu. Kipande cha jalada la mwingine hakiwajengei jina.

Lipo na jambo la likizo ya uzazi. Wakili anaondoka, jalada linashikwa na mwenzake "kwa muda", na anaporudi limeshakuwa la mwenzake. Mteja anaweza kuzuia hilo kwa barua fupi kabla wakili hajaondoka: fulani atashika jalada hadi tarehe hii, vikao vya mwezi wa kwanza baada ya kurudi watahudhuria wote wawili, kisha usukani unarudi kwa mwenyewe. Mteja hatatozwa saa za makabidhiano mara mbili, na hilo liandikwe pia.