Taroti au orakeli: anayeanza ashike ipi?

Jioni moja tumeketi barazani Mji wa Kale, mpwa wangu akanisogezea simu yake. Kulikuwa na picha za seti mbili za karata za kutazamia alizotaka kuagiza, moja ya taroti na moja ya orakeli. "Mjomba, kwa mtu anayeanza ipi afadhali?" Mimi si mpiga ramli, wala siamini kwamba karatasi inajua ya kesho. Lakini karata nimecheza tangu utotoni, na swali lake likanikaa kichwani.

Wengi watamwambia aanze na orakeli kwa kuwa ni nyepesi, na hawakukosea sana. Orakeli haina mpango maalumu. Mtunzi ndiye anayeamua iwe na karata ngapi na zichorwe nini, na mara nyingi ujumbe wenyewe umeandikwa chini ya picha. Unachanga, unachomoa moja, unasoma, umemaliza. Taroti ina karata 78, na anayeifungua mara ya kwanza huhisi kama amekabidhiwa mtihani. Kuna 22 kubwa, zenye majina kama Mpumbavu, Mnara na Kifo, halafu 56 ndogo zilizogawanyika mafungu manne: vikombe, sarafu, fimbo na panga.

Kwenye mafungu hayo manne ndipo ninapoachana na wengi, angalau kwa mtu aliyekulia Mombasa. Karata zetu za kawaida tunaziita kopa, uru, pau na shupaza. Majina hayo tumeachiwa na Wareno, wale wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 na kung'olewa humo 1698. Kwao copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, paus ni magongo na espadas ni panga. Picha za karata za dukani leo ni za mtindo wa Kifaransa, lakini ulimi umeshikilia majina ya kale. Na taroti, iliyozaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15 kama mchezo tu (kutazamia kulikuja kuvuma Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18), imebaki na mafungu yale yale, ambayo Ulaya iliyapata kutoka kwa karata za Wamamluki, watawala wa Misri wa enzi hizo. Mzee anayebamiza shupaza mezani anataja upanga, ila hana habari.

Kwa hiyo mpwa wangu ana nusu ya somo tayari. Akishika kwamba kopa ni mambo ya moyo, uru ni mali, pau ni ari na kazi, shupaza ni fikra na maneno makali, kisha akajua moja ni chanzo na kumi ni ukomo, karata 40 zimeanza kumsomekea. Ramli nayo ndivyo ilivyo: maumbo 16 tu, kila moja mistari minne yenye nukta moja au mbili, na anayeyajua atayatambua popote yalipochorwa. Orakeli haikupi hilo. Ukinunua seti nyingine, unaanza alifu.

Nikamwonyesha karata ya vikombe vitano, kwenye ile seti iliyotoka London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith. Mtu amejifunika joho jeusi, kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika. "Huyu amefiwa," akasema. Nikamwambia atazame nyuma ya yule mtu. Akaivuta picha kwa vidole viwili, akanyamaza kidogo. "Kumbe viwili vimesimama." Orakeli ingemwandikia tu asikate tamaa, naye angepitisha ukurasa.

Hata hivyo, taroti hiyo hiyo ina masikini wawili wanaotembea kwenye theluji. Theluji, Mombasa! Kuna wafalme, makasri, mashujaa wenye deraya, na karata ya 15 ni Shetani mwenyewe, mapembe na mabawa ya popo. Mama mtu akiikuta juu ya meza ya chakula, siku hiyo hakuliki. Orakeli hapa inashinda kabisa, maana mtu anaweza hata kujitengenezea: akakata manila, akachora kusi, kaskazi, mnazi, jahazi lililopwelewa. Mtoto wa pwani haelezwi maana ya jahazi lililopwelewa.

Kuhusu dini, uzuri wa picha hausaidii kitu. Kurani inataja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, katika Sura ya Al-Maida, na Kumbukumbu la Torati sura ya 18 nayo inakataza kutazamia. Sheikh hatauliza kama karata yako ina shetani au maua. Anayesema anazitumia kujitafakari tu ana hoja yake, ila ajue atalazimika kuieleza mara nyingi.

Kwa anayetaka neno moja la asubuhi kabla ya kupanda matatu, orakeli yatosha, na sioni haja ya kumchosha. Mpwa wangu si wa aina hiyo. Ni mtu wa kuuliza kwa nini. Nikamwambia asiagize chochote kwanza. Achukue karata za dukani, zile 52, ajifunze mafungu manne kwa mwezi mmoja. Akichoka, bado atacheza na wenzake.

Akahesabu kwa vidole. "Na zile 26 zilizobaki?"

Nne ni za wapanda farasi, nikamjibu, mmoja kila fungu, ambao karata zetu hazina. Ishirini na mbili ndizo zile kubwa.

"Pamoja na Shetani?"

Pamoja na Shetani. Akaangalia mlango wa ndani, mama yake alikokuwa akikaanga mahamri, akazima simu.