Rosa Hana Faili Mirembe

Hapa Dodoma, mtu akitaka kukudharau kwamba akili zako si nzima, hahitaji maneno mengi. Anakwambia tu, "Wewe wa Mirembe." Hospitali ile ya afya ya akili ipo mjini kwetu tangu 1927, na jina lake limezunguka nchi nzima hadi likageuka neno la kufungia mjadala. Ukishaambiwa hivyo, lolote utakalosema baadaye halisikilizwi.

Ndiyo maana nilishtuka Jumamosi moja, tulipokuwa watu wachache tumekaa tunasoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi kuhusu binti aitwaye Rosa, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa nadharia hii ya Freud, si tuseme tu Rosa angepelekwa Mirembe?" Hakuwa anatania. Alikuwa amesoma juu ya nafsi iliyogawanyika, akaona ufunguo umepatikana.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alitoa kitabu kidogo mwaka 1923 akieleza kwamba ndani ya mtu mmoja wamo watatu. Yumo anayetaka tu, asiyejua subira wala aibu. Yumo anayekataza na kuhukumu. Na katikati yumo "mimi", anayehangaika kuwaridhisha hao wawili huku dunia ya nje nayo ikimdai. Kwa Kijerumani alitumia maneno ya kila siku kabisa, ambayo kwetu yangekuwa kitu kama "hicho", "mimi" na "mimi wa juu". Waliomtafsiri kwa Kiingereza wakayavika Kilatini, nasi tukayapokea yakiwa idi, ego na supaego, na wanafunzi wanayakariri kama majina ya dawa. Naamini hapo ndipo tulipoanza kupotea, kwa sababu dawa huandikiwa mgonjwa.

Kiswahili chenyewe hakihitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kugawanyika. Tunasema nafsi imenisuta, moyo umekataa, roho haitaki. Kiambishi kidogo -ji- kinabeba watu wawili ndani ya kitenzi kimoja: najisuta, nimejidanganya, nilijikazia. Mtu akisema "nilijikuta nimefika mlangoni kwake", nani alikuwa anatembea, na nani alimkuta? Muislamu anajua habari za nafsi iamrishayo maovu, nafsi ijilaumuyo na nafsi iliyotulia. Mkristo amesoma Paulo akiwalalamikia Warumi kwamba analolichukia ndilo analolitenda. Sisemi kwamba hayo na Freud ni kitu kimoja. Katika dini, mgawanyiko una anayeweza kuutibu, na nafsi inaweza kufika mahali ikatulia. Kwa Freud ugomvi huo hauishi.

Tofauti hii naiona vizuri zaidi nikimfikiria mshairi Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyefariki 1969, aliyeikuza sana ngonjera. Katika ngonjera pande mbili hubishana ubeti kwa ubeti hadi asiyejua anaelimika, wakashikana mikono. Rosa ni ngonjera isiyo na ubeti wa mwisho.

Mtazameni. Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Lakini Zakaria huyohuyo anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Msomaji wa haraka husema: mzazi mnafiki, mtoto kaasi. Ndiyo, Rosa anapofika mbali na macho ya baba anafungua milango yote iliyokuwa imefungwa. Ila kama ingekuwa ni uasi tu, angekuwa huru, na hakuwa huru. Mchumba anapomkataa kwa kuwa si bikira, binti huyu hasemi "umekosea kunipima hivyo". Anaikubali hukumu, na kuitekeleza juu ya maisha yake mwenyewe: anajiua.

Hapa Freud ananisaidia kuliko mhakiki mwingine yeyote ninayemjua. Katika mihadhara yake ya 1933 alieleza kwamba mtoto harithi mwenendo wa mzazi. Anachorithi ni hakimu aliyemo ndani ya mzazi. Zakaria anakunywa, lakini alichokiacha ndani ya Rosa ni fimbo, na fimbo haikulewa hata siku moja. Hata jina alilopewa, Waridi lenye Fumbo, ni sifa ya Bikira Maria katika litania, sala ya Wakatoliki, kwa hiyo binti aliitwa kwa hukumu yake tangu utotoni. Bila wazo la hakimu wa ndani, kifo cha Rosa kinabaki adhabu ya mwandishi kwa msichana aliyepotoka, na wako wengi waliokisoma hivyo. Riwaya yenyewe iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kana kwamba jamii nayo ilikuwa na Zakaria wake.

Wanaoipinga njia hii wana hoja, tena nzito. Mwaka 1933 huohuo, mhakiki wa Uingereza L. C. Knights aliandika makala yenye kichwa kinachouliza Bibi Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare, alikuwa na watoto wangapi. Aliwakejeli wanaowajadili wahusika kama jirani zao. Mhusika hana utoto nje ya kurasa. Ukimuuliza Rosa aliota nini usiku fulani, hatakujibu. Utakayemsikia ni wewe. Hoja ya pili inanisumbua zaidi: nadharia hii haishindwi. Ernest Jones, mfuasi wa Freud, alidai mwaka 1910 kwamba Hamlet, mhusika mwingine wa Shakespeare, anachelewa kumuua ami yake kwa kuwa ami, kwa kumuua baba na kumwoa mama, ametenda kile ambacho Hamlet mwenyewe alikitamani kwa siri. Hamlet hakusema hivyo popote? Ndiyo ushahidi, wanasema, amekizika. Mbele ya hakimu wa aina hiyo hakuna mshitakiwa atakayetoka.

Hoja ya tatu ni ya Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya nyingine ya Kezilahabi. Anaazimia kulipiza kisasi kwa Manase, aliyemharibia dada yake, kwa kumharibu Sabina, dada wa Manase. Anaishia kumpenda na kumwoa. Mtu anayekwenda kuharibu akajikuta anaoa ni chakula kitamu kwa mchambuzi wa nafsi. Lakini ukimaliza kila kitu kwa kuchimba matamanio yake, umemsahau msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini asikojua tena kuzungumza na watu, na Manase, rafiki yake wa shule, aliyekaa kwenye kiti cha mkuu wa wilaya miaka michache tu baada ya Uhuru. Mpasuko huo haukuanzia chumbani kwa mama, kama Freud angetaka tuamini. Frantz Fanon, aliyekuwa yeye mwenyewe daktari wa akili, aliliona hilo tangu 1952: ukoloni humgawanya mtu, kisha hospitali humwita mgonjwa.

Kwangu mimi mizani inaelemea kuitumia nadharia, lakini kwa masharti. Ianze na maneno yaliyomo kitabuni, si kwa utoto tuliomtungia mhusika. Isimwache nje Zakaria, wala shule, wala ofisi ya mkuu wa wilaya. Na pale mhusika anapojipinga, tumsikilize kwa muda mrefu zaidi, badala ya kumpa jina la ugonjwa tukaendelea na sura inayofuata. Watu halisi waliolazwa Mirembe wana faili na daktari, na wanastahili heshima kuliko kutumiwa kama tusi. Rosa hana faili. Ana kurasa zake tu.

Yule kijana hakuridhika sana. Alisema nimemtetea Rosa lakini nimemwachia Zakaria mzigo wote, na kwamba huenda naye kuna aliyemwachia fimbo. Sikuwa na la kumjibu ila kumpa kitabu arudi nacho nyumbani. Jumamosi ijayo tunaanza Kichwamaji, na nimemwomba apige mstari chini ya kila kitenzi chenye -ji- pale Kazimoto anapojieleza.